Muziki wa Piano wa Mkono wa Kushoto Pekee: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wapiga piano wengi hukutana na muziki huu kwa bahati: mkono wa kulia umeumia, mwalimu amependekeza zoezi, au wamesikia rekodi wakaapa kwamba mikono ni miwili. Maswali wanayoleta baadaye hufanana sana. Haya hapa ndiyo yanayorudi mara nyingi, pamoja na majibu ninayotoa ninapofundisha.

Je, huu si muziki wa piano uliopunguzwa nusu?

Hapana, na ukianza na wazo hilo utaupiga vibaya. Mtunzi aliyeandikia mkono mmoja hakufuta sehemu ya mkono wa pili. Alijiuliza swali jingine kabisa: mkono mmoja ukipewa vibonyezo vyote 88, unaweza kusema nini? Jibu huwa na umbo lake. Sauti hazigongwi zote kwa pamoja, bali zinafuatana, na sikio la msikilizaji ndilo linaloziunganisha. Besi, yaani sauti ya chini, inalia, mkono unapanda, melodi inaingia juu ya mwangwi wa besi ile. Mpangilio huo ndio muziki wenyewe. Anayejitahidi usiku na mchana ili asikike kama mtu wa mikono miwili anapoteza mengi, kwa sababu uzuri mwingi umo katika ile safari ya mkono kutoka chini kwenda juu.

Kwa nini mkono wa kushoto, na si wa kulia?

Kwanza ni historia: watu wengi hutumia zaidi mkono wa kulia, kwa hiyo ndio unaochoka, unaoumia na unaopotea. Lakini hata bila ajali yoyote mkono wa kushoto una faida ya kimaumbile. Ulaze juu ya vibonyezo uutazame. Kidole gumba kiko upande wa kulia, yaani upande wa sauti za juu ambako melodi hukaa. Kidole chenye nguvu na uhuru kuliko vyote ndicho kinachoimba sauti ya kwanza, na vidole vingine vinne vinabaki chini yake kwa ajili ya besi na sauti za kati. Mkono wa kulia ungelazimika kuimba melodi kwa kidole cha mwisho huku gumba likihangaika na besi. Inawezekana, na vipande vya namna hiyo vipo, lakini ni vichache.

Pamoja na faida hiyo kuna mtego. Gumba ni zito. Likiachwa lijiendee, kila noti ya melodi inatoka na mkazo uleule na mstari unakuwa mfululizo wa vishindo. Nitalirudia hilo chini kidogo.

Nani aliandikiwa muziki huu?

Jina la kwanza kulijua ni Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyezaliwa 1887. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914, alijeruhiwa na mkono wake wa kulia ukakatwa, kisha akapelekwa mateka hadi Siberia. Huko alianza kufanya mazoezi ya vidole juu ya sanduku la mbao. Familia yake ilikuwa na utajiri mkubwa, na baada ya vita aliutumia kuagiza kazi mpya kwa watunzi wakubwa wa zama zake: Korngold, Franz Schmidt, Richard Strauss, Hindemith, Ravel, Prokofiev, Britten. Bila yeye kazi hizo zisingekuwepo.

Hakuzipenda zote. Koncheto ya 4 ya Prokofiev, kazi ya piano na okestra iliyokamilika 1931, hakuipiga hadharani hata mara moja. Ilisikika mara ya kwanza mwaka 1956 huko Berlin, mikononi mwa Siegfried Rapp, ambaye naye alipoteza mkono wa kulia vitani. Kazi ya Hindemith ya 1923 ilifichika zaidi: ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na Leon Fleisher.

Kabla ya Wittgenstein alikuwepo Géza Zichy wa Hungaria, aliyepoteza mkono wa kulia akiwa kijana katika ajali ya uwindaji, akasoma kwa Liszt na kufanya ziara za maonyesho. Scriabin aliuumiza mkono wake wa kulia kwa mazoezi ya kupita kiasi, na mwaka 1894 akaandika vipande viwili, Preludi na Nokturni, Opus 9 (opus ni namba ya kazi katika orodha ya mtunzi). Saint-Saëns aliandika etudi (vipande vya mazoezi) sita, Opus 135, mwaka 1912 kwa ajili ya Caroline de Serres, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa mkono wa kulia. Janáček aliandika Capriccio mwaka 1926 kwa Otakar Hollmann, askari mwingine aliyejeruhiwa, akaizungushia piano kundi la ala za kupuliza.

Ninawataja si kwa mapambo. Ukijua kwamba kazi fulani iliandikwa kwa mtu aliyekuwa akipona, na nyingine kwa mtu aliyetaka kuthibitisha mbele ya okestra nzima kwamba bado yuko jukwaani, utazipiga tofauti. Saint-Saëns anadai wepesi na adabu ya zamani; kasi na kishindo havimfai. Ravel anadai kifua.

Besi iko mbali sana na melodi. Nifanyeje ili muziki usikatike?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na wanaoanza hulijibu kwa mbio. Wanagonga besi na kuruka juu kama wanaokimbia moto, ili pengo lisisikike. Matokeo yake besi inakuwa fupi na kavu, melodi inatua kwa kishindo, na mkono unachoka kabla ya ukurasa wa pili.

Geuza fikra. Muda wa mkono kusafiri ni sehemu ya tungo, kama pumzi ya mwimbaji kati ya kifungu na kifungu. Hakuna anayemlaumu mwimbaji kwa kupumua. Tunamlaumu akipumua pasipo mahali pake. Kazi yako ni kuamua pumzi iangukie wapi na iwe ndefu kiasi gani. Na lazima iwe na mpango, kwa sababu msikilizaji anastahimili mcheleweo unaofuata mantiki ya kifungu, ila hastahimili mcheleweo unaotokea tu pale ambapo mkono umeshindwa.

Uamuzi wa kwanza ni huu: kati ya besi na melodi, ipi ikae juu ya pigo? Katika muziki wa dansi, au wenye mwendo wa kijeshi, ninaweka besi juu ya pigo na kuiacha melodi ifuate kwa tofauti ndogo sana, maana mwili wa msikilizaji unahesabu kwa besi. Katika wimbo wa taratibu nafanya kinyume: besi inatangulia kidogo, kama mtu anayefungua mlango, na melodi ndiyo inayotua juu ya pigo. Ukichanganya njia hizi mbili bila sababu ndani ya kifungu kimoja, tempo itayumba na wewe mwenyewe hutajua kwa nini.

Kuhusu mkono wenyewe, fanyia mazoezi safari peke yake. Piga besi, shika pedali, peleka mkono juu, na uguse kibonyezo cha melodi bila kukiliza. Simama hapo. Je, gumba liko katikati ya kibonyezo? Bega limepanda? Rudia mpaka mkono ufike mapema na ukae kusubiri. Ukishafika mapema, unaweza kuilea noti utakavyo. Ukifika kwa kuchelewa, noti inatoka na hasira ya safari.

Na macho yatangulie. Besi mara nyingi unaweza kuipata kwa kuhisi, kwa sababu inarudi mahali palepale. Tazama juu, kule unakoenda.

Nitumieje pedali?

Kwa wingi kuliko ulivyofundishwa, na kwa umakini kuliko ulivyowahi. Hapa pedali ya kulia ndiyo mkono wa pili.

Fahamu kinachotokea ndani ya piano. Ukikanyaga pedali, vizuizi vyote vinainuka kutoka kwenye nyuzi. Nyuzi za chini ni nene na ndefu, zinaendelea kulia kwa muda mrefu; za juu zinazimika upesi. Kwa hiyo besi moja iliyopigwa vizuri na kushikwa kwa pedali inaweza kubeba noti nyingi za juu kabla ya kuhitaji kupigwa tena. Bahati nyingine ni kwamba ukiinua mguu kidogo tu, vizuizi vikagusa nyuzi bila kuzikandamiza, sauti za juu zinasafishika kwanza huku besi ikibaki. Hiyo ndiyo nusu pedali, na katika muziki huu hutaishi bila hiyo.

Zoezi lake ni rahisi. Piga oktava ya chini kabisa, kanyaga, kisha piga juu noti tano zinazopishana. Inua mguu kwa kiasi kidogo sana mpaka noti za juu zisafishike na besi ibaki. Kila piano ina mahali pake, kwa hiyo ukifika kwenye ukumbi mgeni, zoezi hili lifanye kabla hujapiga hata kipande kimoja.

Kosa linaloharibu zaidi ni kubadilisha pedali pale kidole cha melodi kinapotua, kwa mazoea ya muziki wa mikono miwili. Hapa besi huwa imekwisha kuachwa na kidole, ukibadilisha, umeiua. Badilisha pamoja na besi mpya.

Melodi yote napiga kwa gumba. Inasikika kama nyundo. Tiba yake?

Kwanza, usilipe gumba kila noti. Tazama mwanzo wa Nokturni ya Scriabin: ukipishanisha gumba na kidole cha shahada, unaweza kuziunganisha noti mbili za jirani kwa vidole, bila kuitegemea pedali, na sikio linapata mstari wa kweli. Andika namba za vidole kwa penseli na uziheshimu.

Pili, badili pembe. Gumba likigonga kwa kushuka kutoka kwenye kifundo, sauti ni ngumu. Likilazwa kwa ubavu wake na uzito ukatoka kwenye mkono wa juu, sauti inapanuka.

Tatu, imba. Imba melodi kwa sauti huku ukipiga sehemu za chini peke yake. Halafu ipige melodi kwa mkono wa kulia mara chache, kwa uzuri wote ulio nao, na usikilize ulifanya nini katika kilele cha kifungu. Kisha urudishie mkono wa kushoto ukiwa na sauti ile kichwani. Hapa mkono wa kulia unatumika kama mwalimu tu. Ukiuzoea kama msaidizi, hautaondoka.

Kordi ni pana, mkono haufiki. Niruke noti?

Kordi ni noti kadhaa zinazolia pamoja; ivunje kabla ya kuruka noti. Kordi nyingi katika muziki huu zimeandikwa mtunzi akijua kabisa kwamba zitapigwa kwa kufuatana kutoka chini kwenda juu. Swali ni kasi na uzito. Besi iwe na mwili, sauti za kati ziwe nyepesi kabisa, na ya juu iwe wazi. Wanafunzi wengi hufanya kinyume bila kujua: sauti za kati zinatoka nene kwa sababu vidole vya kati ndivyo vilivyo katikati ya mwendo wa mkono. Zipunguze hadi zikaribie kutosikika, kisha ongeza kidogo.

Na usivunje kordi zote kwa kasi moja. Kordi ya kufungia kifungu inaweza kufunguka polepole. Ya katikati ya mwendo ifunguke haraka. Kasi ile moja kwa kila kordi huchosha sikio ndani ya dakika mbili.

Chaconne ya Bach iliyopangwa na Brahms: nifuate fidla au piano?

Fidla, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa nia ya Brahms. Chaconne ni dansi ya zamani, na Bach aliiandika hii kwa fidla moja, katika D maina, ikiwa sehemu ya mwisho ya mkusanyiko wa dansi, Partita BWV 1004. Brahms aliipangia mkono wa kushoto na mwaka 1877 akampelekea mpiga piano Clara Schumann, akimweleza kwamba kwa njia hiyo, akiwa na ugumu uleule na mbinu zinazofanana, anajisikia kama mpiga fidla. Ilitokea kwamba wakati huo Clara alikuwa ameutegua mshipa wa mkono wa kulia.

Linganisha na mpangilio wa Busoni wa mikono miwili, uliojaa oktava na kordi nene kama kinanda cha kanisa. Brahms hakuongeza karibu kitu. Aliishusha oktava moja, akaacha nafasi tupu zibaki tupu. Ninaamini hapo ndipo wapigaji wengi wanapopotea: wanaona nafasi ile wanaijaza kwa pedali na kelele. Acha iwe wazi. Mpiga fidla anapovunja kordi ya nyuzi nne, upinde unagusa mbili za chini, kisha unahamia mbili za juu na kubaki hapo. Fanya hivyohivyo, ukisubiri kidogo juu.

Angalia pia mwanzo kabisa. Chaconne haianzi kwenye pigo la kwanza, inaanza kwenye la pili, na uzito wake unakaa hapo. Ukilihesabu pigo hilo la pili kama ndilo la kwanza, dansi yote imepinda. Hesabu "moja" kimya kabla ya kugusa kibonyezo.

Inapofika sehemu ya D meja katikati, usikimbilie ukubwa wa sauti. Ule mwanga unatoka kwenye badiliko lenyewe. Mimi huipunguza hapo, na nashusha uzito wa gumba mpaka melodi ikae karibu sawa na sauti za kati.

Koncheto ya Ravel inahitaji nguvu kiasi gani?

Nyingi, lakini zipangwe. Kazi hii ni mwendo mmoja usiokatika wa dakika kama 18 hivi. Inaanza gizani kabisa, sauti za chini za okestra zikitambaa na kontrabasuni, ala ya kupuliza yenye sauti ya chini sana, ikiimba, na okestra inapanda muda mrefu kabla piano haijagusa chochote. Kisha unaingia peke yako, na kadenza ndefu (sehemu ya mpigaji pekee bila okestra). Okestra imeshasema kwa sauti yote. Unajibu kwa mkono mmoja. Ukianza kwa nguvu zako zote, kadenza ya mwisho, ambayo ni ngumu zaidi, itakukuta huna kitu.

Katika kadenza hiyo ya mwisho gumba linaimba melodi polepole juu ya apejio (kordi zilizofunguliwa noti moja moja) zinazofagia chini yake. Zichukulie apejio kama maji: zinasikika zikipita, na hakuna anayezihesabu. Umakini wote uwe kwenye gumba.

Wittgenstein alipoipiga mara ya kwanza, Vienna, Januari 1932, aliibadilisha sehemu kadhaa kwa ladha yake, na Ravel alikasirika. Wapo wanaomtetea Wittgenstein kwa kusema aliyelipia ana haki. Mimi niko upande wa Ravel. Alifanya hesabu ya makini kabisa ya nini mkono mmoja unaweza kubeba, na ukiongeza noti hapa, unavunja uwiano pale. Ravel alimkabidhi Jacques Février kazi hii, naye akaipiga Paris mwaka 1937 kama ilivyoandikwa.

Etudi za Godowsky juu ya Chopin ni za kweli au ni maonyesho tu?

Ni za kweli. Kati ya etudi 53 alizotunga Godowsky kwa kuzigeuza zile za Chopin, 22 ni za mkono wa kushoto pekee, na ugumu wake unatisha. Lakini Godowsky alikuwa anatafuta sauti nyingi zinazoimba kwa wakati mmoja. Mwendo wa kasi ulikuwa jambo la pili kwake. Anza na ile ya Opus 10 nambari 6, ambayo ni ya taratibu, na uipige kana kwamba hakuna aliyewahi kusema ni ngumu.

Mkono wa kulia ufanye nini wakati wote huo?

Utulie. Uweke pajani, au ushike ukingo wa benchi unapokwenda juu sana. Usiupeperushe.

Nikae wapi?

Sogea kulia kuliko kawaida, ili sehemu ya juu ya piano isikulazimishe kupinda mgongo. Mguu wa kushoto uurudishe nyuma kidogo, uwe nguzo unapoegemea. Mwili ndio utangulie kuhama, kiwiliwili kikiongoza bega na bega likiongoza mkono. Mkono ukinyooshwa peke yake unakuwa mgumu mara moja.

Mkono unauma. Niendelee?

Hapana. Uchovu wa msuli ukipumzika unaisha. Maumivu makali, ganzi au vidole kujikunja vyenyewe ni jambo la daktari. Kumbuka kwamba mkono huu haupati mapumziko ambayo kwa kawaida ungepata wa kulia ukiongoza. Gawanya mazoezi vipande vifupi, na ujifunze noti mbali na piano. Leon Fleisher alipoteza uwezo wa vidole viwili vya mkono wa kulia katika miaka ya 1960 kwa distonia, ugonjwa unaokaza misuli bila hiari, na ilichukua miongo kabla hajarudi kupiga kwa mikono miwili. Aliyeumia mkono wa kulia na kukimbilia muziki huu ana sababu zaidi ya kuutunza huu uliobaki.

Nianze na kipande gani?

Kama bado unajifunza, C. P. E. Bach ana kipande kifupi katika A meja kinachoweza kupigwa kwa mkono wowote mmoja. Kina mstari mwepesi na mirukio michache. Baada yake, Bourrée na Élégie za Saint-Saëns. Kisha Preludi ya Scriabin, ambayo ni fupi na itakufundisha pedali kuliko zoezi lolote, halafu Nokturni yake. Chaconne ije baadaye, ukiwa na subira ya miezi. Etudi ya Bartók ya 1903 iache mpaka oktava zako ziwe imara.

Nisikilize nani?

Kwa koncheto ya Ravel, msikilize Fleisher akiwa na Boston Symphony chini ya Seiji Ozawa, kwa jinsi anavyoacha besi zipumue. Kisha tafuta rekodi ya Wittgenstein mwenyewe na Bruno Walter, Amsterdam 1937. Ina makosa mengi na mabadiliko yale niliyoyasema, lakini utasikia shinikizo la mtu ambaye kazi hii ilikuwa maisha yake. Sikiliza bila kutazama karatasi mara ya kwanza. Mara ya pili fuata noti, na uweke alama ya penseli kila mahali ambapo besi imetangulia melodi. Alama hizo zipeleke kwenye piano siku hiyohiyo.